NAKUMATT ILIFIKA MPAKA KWETU, IKAONDOKA NA RAFU TUPU: SOMO KWA SISI TUNAOUZA MALI KAULI

Somo la leo ni refu kidogo, ila nakuomba usilipitie juu juu. Kama unauza mtandaoni na mzigo wako unautoa Kariakoo kwa mali kauli, hili linakuhusu moja kwa moja.

Wiki iliyopita nilikuwa Magogoni kwenye foleni ya pantoni, nina maboksi mawili ya mteja wa Kigamboni. Simu ikalia, ujumbe kutoka kwa mdogo wangu mmoja anayefuatilia ukurasa huu. Anauza mashuka na mapazia. Kaandika hivi:

"Dada shikamoo. Nimepewa mzigo wa milioni 9 mali kauli, nalipa ndani ya siku 45. Wiki mbili tu zaidi ya nusu umeshatoka. Pesa ipo kwenye simu. Nimepata fremu nzuri Makumbusho, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Nichukue?"

Nikamjibu marahaba, nikamwomba siku mbili. Jibu fupi lilikuwepo, ila nilijua nikimpa jibu bila sababu, kosa lenyewe atakuja kulifanya siku nyingine akiwa na milioni 90. Nikamwandikia habari ya Nakumatt. Leo nawaletea na ninyi.

DUKA LA MAGODORO LILILOKUWA TEMBO

Wengi wa Dar tunaikumbuka Nakumatt ile ya Mlimani City, yenye picha ya tembo. Wachache wanajua jina lilitoka wapi. Nakumatt ni kifupi cha Nakuru Mattresses, yaani magodoro ya Nakuru, mji ulioko Bonde la Ufa kule Kenya. Ilikuwa biashara ya familia, familia ya Shah. Walianza na duka mkoani, wakauza magodoro, wakaongeza vitu vingine, wakahamia kwenye supamaketi. Aliyekuja kujulikana zaidi kama kiongozi wake ni Atul Shah.

Hapo tusiwadharau. Walikuwa wafanyabiashara hodari. Walifungua matawi makubwa yanayouza kuanzia maziwa mpaka friji na makochi. Baadhi ya matawi yalikuwa wazi saa 24. Walikuwa na kadi ya wateja, ukinunua unakusanya pointi. Kwa miaka mingi ndio walikuwa wakubwa kuliko wote Kenya.

Kisha wakavuka mpaka. Rwanda mwaka 2008, Uganda mwaka 2009, Tanzania mwaka 2011, na kwetu walianzia Moshi. Mwaka 2014 Shoprite ya Afrika Kusini ilipoamua kuondoka Tanzania, Nakumatt ndio walionunua maduka yake matatu, mawili Dar es Salaam na moja Arusha. Kwa jumla wakawa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki.

Na walipita kwenye majanga mazito. Januari 2009 tawi lao la katikati ya jiji la Nairobi liliungua na watu kadhaa wakapoteza maisha. Septemba 2013 magaidi walivamia Westgate, jengo ambalo Nakumatt walikuwa na tawi kubwa ndani yake, watu 67 wakauawa. Baada ya yote hayo kampuni iliendelea kufungua matawi. Kwa hiyo ukitafuta kilichowaangusha, usiishie kwenye moto na magaidi. Kilichowamaliza kilikuwa kwenye daftari la madeni.

PESA ILIYOKUWA KWENYE DROO ILIKUWA YA NANI?

Hapa naomba usome taratibu.

Supamaketi hailipi mzigo siku unapoletwa. Mwenye kiwanda cha sabuni analeta katoni leo, makubaliano ni kulipwa baada ya siku 30 au 60. Sabuni ile inaisha kwenye rafu ndani ya siku kumi, na mteja analipa papo hapo. Maana yake, kama makubaliano ni siku 60, pesa ya mtu wa sabuni inakaa kwenye droo ya supamaketi siku 50. Ukijumlisha mtu wa sabuni, wa unga, wa mafuta, wa maziwa, wa vyombo, ni mlima wa pesa.

Hiyo ni mali kauli. Ni ileile yetu ya mtaa wa Kongo, tofauti wao wanavaa tai.

Mfumo huu hauna dhambi. Supamaketi karibu zote duniani zinaendeshwa hivyo. Balaa linaanza pale pesa ya siku 60 inapotumika kwenye kitu kitakachorudisha pesa baada ya miaka mitano. Tawi jipya linataka rafu, majokofu, kodi, mishahara, na litakaa muda mrefu kabla halijajilipa. Mtu wa sabuni hawezi kusubiri miaka mitano. Ana tarehe yake.

Nakumatt walikua kwa kasi wakitegemea madeni: mikopo ya benki, hati za madeni ya muda mfupi, na pesa za wasambazaji. Mauzo yakiwa yanapanda kila mwaka, huoni tatizo, kwa sababu pesa ya mzigo mpya inalipa deni la mzigo wa zamani. Siku mauzo yakisimama, hata yasiposhuka, yakisimama tu, tarehe zinaanza kukufikia.

Na zikawafikia. Wasambazaji wakakaa miezi bila kulipwa, wakaacha kuleta mzigo. Rafu zikaanza kuonekana nyeupe. Mteja akiingia mara mbili akakosa anachotaka, mara ya tatu haji. Mteja asipokuja hakuna pesa ya kumlipa msambazaji. Msambazaji asipolipwa haleti mzigo. Umeona gurudumu hilo? Mwaka 2017 ndio lilizunguka kwa kasi. Wenye majengo wakaanza kuwatoa kwa kodi isiyolipwa. Baadhi ya nafasi zao nzuri za Nairobi zikachukuliwa na Carrefour. Uganda wakafunga, kwetu pia wakatoweka.

Januari 2018 mahakama ya Kenya ikaweka kampuni chini ya msimamizi. Wakati huo madeni yalikuwa zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ivunjwe. Matawi sita yaliyokuwa yamebaki yaliuzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422 za Kenya.

Chukua kikokotoo. Milioni 422 ukilinganisha na deni la bilioni 30, ni kama shilingi moja na nusu kwa kila shilingi 100. Na kwenye foleni ya wadai, benki yenye dhamana inatangulia. Mwenye kiwanda kidogo aliyeleta sabuni kwa kuaminiana anasimama nyuma kabisa.

NA HAWAKUWA PEKE YAO

Uchumi unaikumbuka? Ile iliyokuwa Quality Centre, barabara ya Nyerere. Ilianzishwa Kenya mwaka 1975 chini ya serikali, mwaka 1992 ikauza hisa kwenye soko la hisa la Nairobi. Juni 2006 ikafunga kabisa kwa madeni. Serikali ikaingilia, ikafunguliwa tena mwaka huohuo, na mwaka 2011 hisa zake zikarudi sokoni. Watu wakashangilia.

Oktoba 2015 Uchumi ikafunga matawi yote ya Tanzania na Uganda kwa mpigo. Wafanyakazi wakabaki bila kazi, wasambazaji wakabaki wanadai. Sababu waliyotoa wenyewe ina namba ambayo nataka uiandike ukutani: biashara ya Tanzania na Uganda ilikuwa asilimia 4.75 tu ya shughuli zao zote, lakini ilikula zaidi ya asilimia 25 ya gharama za uendeshaji. Na hali hiyo ilikuwa imedumu miaka mitano.

Yaani kwa mbali unaonekana una matawi nchi tatu. Kwa karibu, robo ya gharama yako inaenda mahali panapokuletea chini ya shilingi tano katika kila mia.

Tuskys nayo, mpinzani mkubwa wa Nakumatt, mwaka 2017 ndiyo ilikuwa inazungumza habari ya kuungana nao ili kuwaokoa. Mwaka 2020 Tuskys yenyewe ikaanza kufunga matawi, madeni ya wasambazaji na kodi za majengo. Aliyekuja na kamba ya kuvuta mwenzake alikuwa amesimama kwenye tope lilelile.

SASA YA KWANGU

Ninayajua haya kwa sababu nimeyafanya, kwa kiwango cha Kariakoo.

Nilikuwa nauza vyombo vya jikoni, hotpoti, seti za sahani, masufuria. Mzee mmoja mwenye duka la jumla, nyuma ya Msimbazi, aliniamini. Akanipa mzigo wa milioni 6 mali kauli, nilipe ndani ya mwezi. Ulikuwa msimu wa harusi, nikauza wote kwa wiki tatu. Milioni 7 na laki 8 zikaingia. Bando, matangazo na bodaboda zilikula laki 6.

Nikafungua simu nikaona salio la milioni 7 na laki 2. Jamani, salio la namna hiyo linakuongelesha! Nikajiona nimetoka. Nikachukua fremu Sinza, kodi laki 3 kwa mwezi, miezi sita milioni 1 na laki 8. Rafu, rangi, taa na bango milioni 1 na laki 4. Nyumbani nikatoa laki 7, ada ya mtoto na mambo mengine.

Mwezi ulipoisha nilikuwa na milioni 3 na laki 3. Deni milioni 6.

Piga hesabu pamoja nami. Faida yangu ya kweli ilikuwa 7.8 toa 6 toa 0.6, yaani milioni 1 na laki 2. Nilichotumia ni 1.8 jumlisha 1.4 jumlisha 0.7, yaani milioni 3 na laki 9. Kwa hiyo milioni 2 na laki 7 nilizojengea fremu ya Sinza zilikuwa za yule mzee. Hakuniibia mtu, hakuna mteja aliyenidhulumu, msimu ulikuwa mzuri. Niliuza vizuri nikaingia kwenye deni.

Nikampelekea kile kilichokuwepo. Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu, nyingine nitamalizia." Akahesabu, akakaa kimya, kisha akasema:

"Mwanangu, unadhani na mimi mzigo huu nilinunua? Na mimi nimepewa."

Sentensi hiyo sijaisahau mpaka leo. Nyuma yake kulikuwa na mtu wa kontena, na nyuma ya mtu wa kontena sijui kulikuwa na nani. Mimi nilikuwa nimepaka rangi ukuta Sinza kwa pesa ya watu watatu.

Hakunitukana. Hakunipa mzigo tena, basi. Fremu nikawa nayo, mzigo sina. Nikawa naposti picha za zamani, mteja akiuliza namwambia "mzigo unakuja." Akiuliza mara ya pili namwambia hivyohivyo. Mara ya tatu hakuuliza. Ile ndio rafu tupu, wangu. Rafu tupu ya mtandaoni ni neno "unakuja."

Fremu niliirudisha kabla miezi sita haijaisha, rafu nikauza nusu ya bei. Deni la mzee nililimaliza baada ya miezi minane, laki tatu, laki nne, mwezi mwingine laki mbili. Siku ya mwisho alinikatia risiti, akaniagizia chai. Mzigo alianza kunipa tena mwaka uliofuata, na safari hii kidogo kidogo.

MAMBO MATANO YA KUONDOKA NAYO

1. Salio la kwenye simu lisikudanganye. Kila unapouza, toa kwanza bei uliyopewa mzigo. Ukiuza seti elfu 45 na ulipewa kwa elfu 35, umeshika elfu 10, na hiyo bado haijalipa bando wala bodaboda. Elfu 35 ni mgeni, anasubiri usafiri.

2. Tenganisha laini. Mimi mauzo yanaingia laini moja. Kila Jumamosi jioni napiga jumla ya bei ya mzigo uliotoka wiki hiyo, naihamishia laini ya pili. Nafanya mara moja kwa wiki ili makato ya kutuma yasinimalize. Laini ya pili haina kazi nyingine, ni ya kulipa wenye mzigo tu. Sim yenyewe naitoa kwenye simu.

3. Pesa ya muda mfupi isinunue kitu cha muda mrefu. Kodi ya miezi sita, pikipiki, friji, mashine ya kushonea, hivyo vinunue kwa faida uliyoikusanya au kwa mkopo ambao marejesho yake ni ya muda mrefu pia. Mali kauli ya siku 45 ni ya kuzungusha mzigo ndani ya siku 45, mwisho. Na nyie mnaopokea pesa za wateja kwa oda za China, hili ni lenu mara mbili. Ile pesa ya mteja aliyelipia kabla ni deni mpaka siku anaposhika kitu chake mkononi. Ukiichezea, huyu wa kwako hatakwenda kupanga foleni ya wadai mahakamani, atakuposti.

4. Pima kila tawi kwa namba ya Uchumi. Na wewe una matawi hata kama huna fremu. Instagram ni tawi, magrupu ya WhatsApp ni tawi, kutuma mikoani ni tawi, meza ya wikiendi ni tawi. Andika kila moja linaleta kiasi gani na linakula kiasi gani. Mimi niligundua kuwapelekea wateja wa mbali bure kulikuwa kunakula karibu robo ya gharama zangu, na mauzo yake hayafiki hata sehemu ya kumi. Nikaweka nauli mteja alipe. Wengine waliondoka, biashara ikapumua.

5. Kama wewe ndio unakopesha, weka kikomo. Wako humu wanaopeleka bidhaa kwenye maduka makubwa, viungo, sabuni za maji, siagi ya karanga, na wanalipwa baadaye. Duka kubwa kukupokea ni heshima, sawa. Ila usimpe mteja mmoja kiasi ambacho akishindwa kulipa wewe hufungui kesho. Akichelewa mara ya kwanza, punguza mzigo. Akichelewa ya pili, simamisha mpaka alipe. Na uwe unapita kuangalia rafu zake. Ukiona bidhaa moja imepangwa mstari mmoja mbele na nyuma hakuna kitu, usisubiri kusoma gazetini.

MDOGO WANGU WA MAKUMBUSHO ALIFANYAJE?

Nilimuuliza namba. Mzigo uliotoka ulikuwa wa bei ya milioni 5, kauza milioni 6 na laki 3, gharama laki 3. Kwa hiyo chake kilikuwa milioni 1. Kodi aliyoambiwa ni laki 3 na nusu kwa mwezi, miezi sita ni milioni 2 na laki 1. Hiyo ni kodi peke yake, rafu bado, umeme bado. Nikamwambia: "Mdogo wangu, milioni 1 na laki 1 ya kodi hiyo atakuwa anakulipia mwenye mapazia, na hajui kama anakulipia."

Akaniambia fremu itachukuliwa. Nikamwambia ndiyo, itachukuliwa.

Na imechukuliwa. Jana kanitumia picha, mtu mwingine keshaweka bango lake. Imemuuma, na mimi sikumdanganya kwamba hakupoteza kitu. Makumbusho watu wanapita pale, ilikuwa nafasi nzuri. Tulichokubaliana ni hiki: amalize mzigo huu, alipe milioni 9 yote kabla ya siku ya 45, achukue mwingine. Wakati huohuo atafute kona kwenye fremu ya mtu mwingine, wachangie kodi, kama wanavyofanya wengi hapa Kariakoo, watu watatu mlango mmoja. Akizungusha mizigo mitatu ya namna hii bila kugusa pesa ya mzigo, kodi ya miezi sita itatoka mfukoni kwake mwenyewe.

Nakumatt ilichukua miaka mingi kutoka duka la magodoro mpaka matawi zaidi ya 60, na ikachukua muda mfupi sana kurudi sifuri. Sisi wa mtaji wa milioni moja hatuhitaji hata huo muda mfupi, wiki sita zinatosha kabisa.

Leo kabla hujalala fanya kitu kimoja. Chukua daftari, andika salio lako lote, la simu na la mkononi. Chini yake andika pesa ya kila mwenye mzigo na kila mteja aliyelipia kabla, na tarehe ya kila mmoja. Toa. Kinachobaki ndio mtaji wako. Kama kimebaki kidogo kuliko ulivyodhani, usiogope, umejua mapema.

Mtumie na mwenzako mwenye mzigo wa watu kwenye simu yake. Biashara njema.